Mvua ilikuwa moja kwa shamba zima: namna ya kujua kilichokupunguzia mahindi

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunalima mahindi ekari tano wilayani Kongwa, Dodoma. Mwaka jana tulipata gunia 14 kwa ekari, mwaka huu gunia 6 tu. Tulipanda katikati ya Desemba mbegu ya chotara ya dukani, tukatia mbolea ya kupandia ya DAP mfuko mmoja kwa ekari. Mwanzoni mwa Januari tukaweka urea mfuko mmoja kwa ekari, wote kwa mara moja. Baada ya hapo mvua ikapiga karibu wiki tatu, maji yakasimama upande wa bondeni. Mwishoni mwa Februari mbelewele, yale maua ya juu yenye chavua, zikiwa zinatoka, mvua ikakata kama siku ishirini. Mahindi mengi yana mapengo. Ni kale kaeneo kadogo kalikokuwa zizi la baba mkwe tu ndiko kalikotoa mahindi ya maana. Mume wangu anasema tumeuziwa mbegu mbovu, jirani anasema ardhi imechoka, afisa ugani anasema ni hali ya hewa tusubiri msimu ujao. Nani yuko sahihi, na tubadilishe nini?

JIBU: Dada yangu, pole sana wewe na mzee. Gunia nane zilizopungua kila ekari, kwa ekari tano, ni gunia 40 ambazo hazikufika nyumbani. Hizo ni ada za watoto, ni chakula, ni mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo sikubaliani na kusubiri tu. Hali ya hewa haikuulizi, ni kweli, lakini namna ilivyoliumiza shamba lako inaweza kujulikana, na ikijulikana kuna mambo yaliyo mikononi mwako.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa maelezo yako, naona hali ya hewa ilikupiga mara mbili. Pigo la kwanza, la Januari, lilipitia kwenye mbolea: urea yako nyingi iliondoka na maji kabla mahindi hayajaila. Pigo la pili lilikuta mmea umeshakuwa na njaa, likaharibu uchavushaji. Mbegu ndiyo ninayoishuku kidogo kuliko vyote. Lakini haya nayasema kwa kusoma barua. Ushahidi wenyewe uko shambani kwako, kwa sharti kwamba mabua hayajachomwa na ng'ombe hawajaingizwa. Kama bado, wazuie kwa siku chache.

Kabla ya kutafuta sababu, hakikisha kwanza kwamba 14 na 6 ni namba zinazolingana. Nimeona watu wakigombana juu ya mavuno kumbe wanalinganisha gunia mbili tofauti. Gunia ya mwaka jana ilikuwa ya debe sita iliyoshonwa sawasawa, au lumbesa? Lumbesa inaweza kumeza debe saba hata nane, na ukiuza hivyo mavuno yako yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Unyevu nao una hesabu yake. Mahindi yaliyopimwa yakiwa na unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa hadi 13.5 inayotakiwa ghalani na sokoni, kila kilo 100 zinabaki kilo 92 na nusu hivi. Jumlisha pia mliyochuma mabichi mwezi wa tatu na wa nne, ya kuchoma, ya kuchemsha na ya kuuza barabarani. Mwaka wa njaa familia hula mabichi mengi zaidi, na hayo hayahesabiki kwenye gunia.

Kisha ekari yenyewe. Wengi wetu tunapima hatua 70 kwa 70. Mtu mwenye hatua ya sentimeta 90 anapata karibu ekari kamili, lakini mwenye hatua ya sentimeta 75 anapata kama meta 52 na nusu kila upande, yaani theluthi mbili tu za ekari. Ekari ni meta za mraba 4,047, sawa na kamba ya meta 63 na sentimeta 60 kila upande. Pimeni upya kwa kamba. Kama ekari zenu tano ni nne kasoro, mavuno ya kila ekari yanabadilika kwa miaka yote miwili, na hata kiasi cha mbolea mlichokuwa mkiweka kinabadilika.

Sasa nije kwenye sentensi moja uliyoiandika kama kwa kupita, nayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko barua nzima: kale kaeneo ka zizi la baba mkwe.

Mvua ya Januari ilinyesha juu ya zizi na nje ya zizi. Jua la Februari liliwaka kote. Mbegu ilitoka kwenye mfuko uleule, mikono iliyopanda ni ileile. Kilichotofautiana ni udongo. Kwa hiyo pale zizini una jaribio ambalo hukulipanga wala hukulilipia, na linakujibu maswali mawili kwa mpigo. Kama mbegu ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu na pale pia. Na kama ukame wa siku ishirini peke yake ungetosha kuleta mapengo, mahindi ya zizini nayo yangekuwa na mapengo. Hayakuwa nayo, au yalikuwa nayo machache. Samadi ya zamani inatoa chakula chake polepole kadiri inavyooza, hivyo mvua haiwezi kukibeba chote kwa wiki tatu. Udongo wenye samadi pia unashika maji zaidi, na mizizi hupenya kwa urahisi ikayafuata chini.

Kuna tahadhari moja. Mazizi mengi hujengwa mahali palipoinuka ili yasituame maji. Inawezekana mahindi ya pale yalinusurika kwa sababu ya mwinuko tu. Kwa hiyo usilinganishe zizi na bondeni. Linganisha zizi na sehemu nyingine ya shamba iliyo kwenye kimo kilekile. Kama nayo ilitoa mahindi mazuri, basi mwinuko ndio uliookoa na tatizo lako kuu ni maji kutuama. Kama ilitoa mabaya ilhali iko juu vilevile, basi tatizo kuu ni rutuba. Ukiwa na vichuguu shambani, angalia na pembezoni mwake. Mara nyingi mahindi ya karibu na kichuguu hutoa habari ileile.

Jirani yako amegusa ukweli, ila neno lake ni la haraka. Ardhi haichoki ghafla ikashuka kutoka gunia 14 hadi 6 kwa mwaka mmoja. Inachoka polepole, gunia moja moja, miaka na miaka. Anguko la ghafla namna hii linaonyesha kuna kitu kilichotokea msimu huu, nacho nadhani ni hiki: urea ikishaingia kwenye udongo wenye unyevu na joto, ndani ya wiki moja mbili inageuka kuwa naitreti, naitrojeni iliyoyeyuka majini. Naitreti haishikamani na udongo, huenda maji yaendako. Mimea yenu ilikuwa na wiki tatu tu, mizizi mifupi, haijaanza kula kwa nguvu. Maji ya wiki tatu yakaishusha mbolea chini ambako mizizi haikufika. Na kule bondeni maji yaliposimama, udongo ukakosa hewa, bakteria wakaigeuza naitreti kuwa gesi ikapotea angani. Mfuko mmoja wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mavuno ya gunia 14 hubeba karibu kilo 20 kwenye punje peke yake, bado hujahesabu majani na bua. Yaani hata mwaka mzuri mlikuwa hamna akiba kubwa.

Unaweza kulihakikisha hili kwa kumbukumbu na kwa simu. Je, mwezi wa pili majani ya chini yalikuwa yanageuka njano kuanzia nchani, ukanda wa njano ukifuata mshipa wa kati wa jani kurudi nyuma, kama herufi V? Hiyo ndiyo alama ya njaa ya naitrojeni. Njano au ukavu unaoanzia kando za jani ni habari nyingine, aghalabu upungufu wa potasiamu. Tazameni picha mlizopiga shambani, hata zile za watoto wamesimama mbele ya mahindi, maana simu huhifadhi tarehe.

Sasa ingieni shambani na kamba, daftari na kalamu. Ligaweni shamba kwa macho katika sehemu nne: bondeni, mteremko, juu, na zizini. Msichanganye hesabu zake, kwa sababu wastani wa shamba zima huficha kila kitu. Kama mlipanda mistari ya sentimeta 75, pimeni meta 13 na sentimeta 30 kwenye mstari mmoja. Hapo mmepata meta za mraba 10. Hesabuni mabua yote, halafu hesabuni mabua yaliyobeba hindi. Rudieni mahali pengine pawili au patatu katika sehemu ileile, msichague mahali pazuri. Wastani wake zidisheni kwa 405, mtapata idadi kwa ekari.

Kwa nafasi ya sentimeta 75 kwa 30, shina moja kila shimo, ekari inatakiwa kuwa na mashina karibu 18,000. Bondeni natarajia mkute pungufu kubwa. Katika wiki tatu za mwanzo ile sehemu ya mmea inayochipusha majani bado iko chini ya uso wa udongo, na maji yakisimama juu yake kwa siku kadhaa, mmea hufa au hubaki umedumaa. Kama mashina yako juu na kwenye mteremko ni 15,000 na bondeni ni 8,000, hapo pigo la Januari limejipima lenyewe. Lakini kama pungufu ni lilelile shamba zima, hata zizini, basi tatizo lilianza siku ya kupanda: uotaji hafifu, mbegu kufukiwa kina kirefu, au panya na ndege.

Mkiwa hapohapo, chaneni mabua kama kumi kwa kisu katika kila sehemu. Mkikuta vijia vilivyotobolewa ndani na unga wa vinyesi, bungua wa mabua amekula sehemu ya mavuno. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, huacha majani yaliyochanikachanika na hindi lililotafunwa nchani. Na mkumbuke kama mliona kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, chenye maua ya zambarau chini ya mahindi, maana penye kiduha kingi mbolea peke yake haitoshi. Katika barua yako sijaona dalili ya hawa, kwa hiyo sitakaa hapo.

Ng'oeni pia mashina machache pamoja na mizizi, kwa jembe. Mizizi ikiwa imeshuka sentimeta 15 kisha ikapinda kulala, chini yake kuna tabaka gumu lililotengenezwa na kulima kina kilekile kila mwaka. Tabaka hilo huleta madhara yote mawili uliyoyataja: mvua ikizidi, maji hayashuki, yanatuama, mvua ikikata, mizizi haiwezi kufuata unyevu uliobaki chini. Wilaya yenu ina historia chungu katika hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na mamilioni ya pauni, na Januari 1951 ikauacha. Mvua haikuja ilivyopangwa kwenye makaratasi, na jua lilipowaka ule udongo mwekundu ulikakamaa, karanga zikashindikana kung'oka. Mpaka leo udongo wa namna hiyo unadai mtu aangalie chini kabla ya kulalamikia mawingu.

Sehemu inayofuata ndiyo ninayoipenda zaidi, nayo unaweza kuifanya umekaa uwanjani. Chukua mahindi 20 kutoka kila sehemu ya shamba bila kuchagua. Kama mmeshapukuchua yote, chukua magunzi, kwa sababu gunzi lina vishimo vinavyoonyesha punje zilikuwa wapi na wapi hazikuwahi kuwapo. Hindi linaonyesha mmea uliumizwa lini, kwa kuwa kila sehemu yake hupangwa kwa wakati wake.

Idadi ya mistari ya punje, ambayo kwa kawaida ni 12, 14 au 16, hupangwa mapema sana na kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye mbegu. Ikiwa ni sawa zizini na nje, mbegu imejitetea kwa mara ya pili. Urefu wa mstari hufuata, hupangwa wiki chache kabla ya ndevu kutoka. Hindi fupi, lililojaa vizuri toka chini lakini dogo lote, linaonyesha mmea ulikuwa na njaa tangu kabla ya Februari.

Mapengo ni ya wakati wa uchavushaji. Kila punje ina ndevu yake moja, na ndevu isiyopata chavua haizai punje. Mbelewele humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi. Mmea ukikosa maji wakati huo, mbelewele hutoka kwa wakati lakini ndevu huchelewa, na zinapotokeza chavua imeshakwisha. Ndevu za chini ya hindi hutoka kwanza, za nchani hutoka mwisho. Kwa hiyo hindi lililojaa chini na tupu nchani lilichelewa kidogo, na lile lenye punje mojamoja zilizotawanyika kama meno ya mzee lilikosa chavua karibu muda wote. Na hapa mapigo yako mawili yanakutana: mahindi yenye njaa ya naitrojeni nayo huchelewesha ndevu, hata kabla ya ukame. Shamba lililoibiwa mbolea Januari liliingia Februari likiwa limeshachelewa. Naamini ndiyo maana zizini kulijaa na kwingine hakukujaa, chini ya jua moja.

Kipimo cha mwisho ni uzito. Hesabu punje 1,000 kavu za kila sehemu, upime kwenye mizani ya duka. Punje zilizoshiba hufika gramu 270 hadi 350. Zikiwa 200 au pungufu, zimesinyaa, basi kuna tatizo lililoendelea baada ya uchavushaji: ukame kuendelea Machi, majani kukauka kwa ugonjwa, au bungua.

Sasa zidisha. Mashina yenye mahindi kwa ekari, mara punje kwa hindi, mara uzito wa punje. Mashina 15,000 yenye punje 350 za gramu 0.27 ni kilo 1,417, yaani zile gunia zenu 14. Mashina 11,000 yenye punje 250 za gramu 0.25 ni kilo 687, gunia karibu saba. Hesabu za kwenu zitakuwa na namba zake, lakini ona mfano unavyosema: hakuna hata kipimo kimoja kilichoanguka kwa nusu, na bado mavuno yameanguka kwa nusu. Mashina yakipungua robo, punje zikapungua robo nyingine, uzito ukapungua kidogo, hasara zinazidishana. Ndiyo sababu mume wako, jirani na afisa ugani wanaweza kubishana mwaka mzima, kila mmoja ameshika kipande.

Kuhusu mbegu, nisimpuuze mzee. Mbegu bandia zipo na zimeumiza watu. Kama bado una mfuko na risiti, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na namba ya kundi la mbegu, uvihifadhi. Dalili za mbegu mbovu ni uotaji hafifu kila mahali, na mimea ya maumbo mchanganyiko, mirefu kwa mifupi, inayotoa mbelewele kwa tarehe tofauti hata penye rutuba. Hujataja hata moja ya hizo. Ila kuna kosa naogopa hasara hii italizaa: kuchagua mahindi mazuri ya zizini na kuyafanya mbegu ya Desemba kwa kuwa fedha hakuna. Mahindi ya chotara ukiyapanda tena hupoteza nguvu kizazi cha pili, na safari hii kweli utapata mbegu mbovu. Kama mfuko wa chotara utashindikana, tafuteni mbegu zisizo chotara zilizothibitishwa, kama Situka M1 inayokomaa mapema, au TMV-1 inayovumilia ugonjwa wa milia. Hizo unaweza kuzihifadhi mwenyewe kwa msimu mmoja miwili.

Kabla sijasema ya msimu ujao, kuna la leo, nalo nakuomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Mahindi yaliyopigwa na ukame wakati wa kujaza punje, hasa yaliyotobolewa na wadudu, huingiwa na kuvu wenye sumu kwa urahisi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chakula kilichowaua kilikuwa mahindi ya nyumbani kwao. Mwaka wa mavuno haba ndio mwaka ambao mama anasita kutupa hindi lililobadilika rangi. Tupa. Punje zenye ukungu wa kijani-njano, wa waridi au mweupe, zilizovunjika na zilizosinyaa sana, zitenge zote. Usizisage, usiwape kuku, usizifanye pombe, kwa sababu kupika hakuiondoi sumu hiyo. Anika juu ya turubai au mkeka, kamwe si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka, weka punje kwenye chupa ya kioo iliyokauka pamoja na chumvi kavu, funika, tikisa vizuri, uache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu bado ni zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Baada ya hapo tenga chakula cha familia mpaka mavuno yajayo ndipo ufikirie kuuza, kwani kama kawaida bei ya Juni na Julai haifanani na ya Januari.

Haya, mabadiliko. Hesabu zikinithibitisha, la kwanza na la bei nafuu kuliko yote ni kugawa urea. Mfuko uleule mmoja: nusu mahindi yakifika magotini, nusu nyingine kabla tu ya mbelewele kutokeza. Fukieni kwa udongo, sentimeta tano hadi kumi kutoka kwenye shina, msiiache juu ikageuka hewa. Utabiri ukisema mvua kubwa wiki hiyo, subirini ipite. Faida ya kugawa si kuzuia mvua isiibe, ni kwamba ikiiba itakuwa imeiba nusu. Na kama ukame umeshaingia mapema, nusu ya pili unaweza kuiacha stoo kwa mwaka mwingine, badala ya kuimwaga kwenye mahindi yasiyo na maji ya kuinywa.

La pili ni samadi. Zizi la baba mkwe limeonyesha njia. Hamtapata samadi ya ekari tano kwa mwaka mmoja, wala msijaribu kuitawanya kila mahali ikawa kama hakuna. Anzeni na nusu ekari, konzi mbili tatu za samadi iliyooza kila shimo, mwaka unaofuata mhamie nusu nyingine. Mabua yasichomwe. Yanayobaki baada ya ng'ombe kula yaacheni yafunike udongo.

Kwa bondeni, msipande tena mahindi kwa matumaini. Chimbeni mfereji wa kutoa maji pembeni, au pandeni juu ya matuta. Kwenye mteremko fanyeni kinyume chake: matuta yanayokingama mteremko, yenye vizuizi kila baada ya meta mbili tatu, ili mvua inayokuja kwa fujo isimame na kuzama. Mkikuta lile tabaka gumu, tafuteni mwenye jembe la kupasulia la ng'ombe au la trekta, mpasue mistari ya kupandia kabla ya mvua.

Kisha gaweni hatari yenyewe. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na mara nyingi hukatika Februari. Ekari zote tano za mahindi zilizopandwa wiki moja zitatoa mbelewele wiki moja, na ukame wa wiki hiyo utazikuta zote. Pandeni kwa awamu mbili, zipishane siku kumi hivi, au changanyeni mbegu ya muda mfupi na ya muda wa kati. Ekari moja au mbili ziwe mtama, kama Macia au Tegemeo, au alizeti inayovumilia kupandwa kwa kuchelewa. Najua ugali wa mahindi ndio unaopendwa nyumbani na mtama una kero ya ndege. Lakini mtama hudumaa mvua ikikata na kuendelea ikirudi, jambo ambalo hindi likiwa kwenye ndevu haliwezi.

Kama kuna fedha kidogo, pelekeni sampuli ya udongo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, kabla ya Novemba. Chukueni sampuli moja ya zizini na nyingine ya nje, kimo kilekile, mlinganishe. Kwenye dirisha la ruzuku ya mbolea hakikisheni taarifa zenu kijijini zina ukubwa wa shamba mliopima kwa kamba.

Msifanye yote haya shamba zima kwa mara moja, maana mkifanikiwa hamtajua kipi kilichosaidia. Acheni mistari kumi ya mahindi iliyotiwa urea yote mara moja kama zamani, kando yake mistari kumi ya kugawa, kando yake mistari kumi yenye samadi. Wekeni vijiti vyenye alama. Tundikeni kopo lenye kuta zilizonyooka kwenye nguzo mahali pa wazi, kila asubuhi saa tatu mpime maji kwa rula, muandike milimita na tarehe kwenye daftari, pamoja na siku mbelewele ilipoanza na siku ndevu zilipoanza. Wakati wa kuvuna, pimeni meta 13 na sentimeta 30 za mstari mmoja katika kila kundi, mpukuchue na kupima kwa mizani kila moja peke yake. Nitumie namba za mabua na punje ulizozipata sasa, sehemu kwa sehemu, hata kama zinapingana na nilivyokisia. Tukiziona kabla ya Novemba, bado kuna muda wa kurekebisha mpango wa mbegu.